Eti "farasi ndiye anakimbia, wewe umekaa tu"

Juzi kwenye send-off hapa Houston shemeji mmoja (simtaji, anajijua) kashiba pilau, kaangalia video yangu ya mbio za mapipa kwa farasi kwenye simu ya mkewe halafu akatoa hukumu yake kwa sauti: yaani sekunde 15 tu, farasi ndiye anakimbia, mwanamke kakaa, halafu anataka alipwe! Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka maana walikuwepo wakwe, ila nimerudi nyumbani nimevimba, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Tuanze na hilo la kukaa. Mapipa matatu ya chuma, yale yale ya lita 200 tunayoyajua ya mafuta, yamepangwa pembetatu, unaingia uwanjani mbio, unazunguka la kwanza, unalikimbilia la pili, kisha lile la mbali, halafu unarudi mlangoni kwa kasi yote iliyobaki. Chini yako kuna kilo karibu 500 za misuli zenye maoni yake. Ukimgeuza mapema goti lako linagonga chuma, pipa linaanguka, unaongezewa sekunde 5 na biashara imeisha hapo hapo. Ukichelewa anapitiliza, na hapo umeshapoteza, kwa sababu saa inasoma hadi vipande vya mia vya sekunde na watu wanaachwa kwa kipande kimoja. Ukiegemea mbele pale unapotakiwa utulie kwenye tandiko, yeye anaelewa bado mnakimbia. Kwa hiyo ndiyo shemeji, nimekaa. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi.

Lakini hata hilo ningelisamehe. Lililonichoma ni "anataka alipwe", nani kawaambia huku kuna mshahara? Rodeo, yaani haya mashindano ya makauboi, hakuna mshahara jamani. Unalipa ada ya kuingia kabla hujagusa mchanga, na kwenye rodeo kubwa ada hiyo inafika dola mia kadhaa kwa mbio moja. Halafu ile zawadi wanayoitangaza kwenye mabango, sehemu yake ni ada zetu wenyewe tulizochanga, wakaongeza za kwao na za wadhamini. Yaani tunashindania hela zetu. Dizeli yako, treila yako, nyasi zako, fundi wa kwato wako, daktari wa mifugo wako. Umeshika nafasi ambayo hailipwi? Asante kwa kuja, safari njema.

Na hizo safari sasa. Mimi ni wa wikiendi, nakimbia mbio ndogo za hapa Texas na farasi wangu Mandazi (ni wa rangi hiyo kabisa, mnaomcheka jina mje mumuone), kule tunagawanywa madaraja: la pili linaanzia nusu sekunde nyuma ya mshindi, la tatu sekunde nzima, na mimi kiti changu kiko huko la tatu na sina haya. Lakini wale wanaoishi kwa hii kazi, mwangalie wiki ya tarehe 4 Julai, wanaiita Krismasi ya makauboi kwa wingi wa rodeo. Leo yuko Greeley, Colorado, kesho Cody, Wyoming, anaunganisha usiku kwa usiku hadi Livingston au Red Lodge kule Montana, njiani anasimama kumshusha farasi anyooshe miguu na anywe maji, na farasi ale kwanza ndiyo yeye apate chochote. Analala kwenye kijichumba mbele ya treila, farasi nyuma yake anapiga teke ukuta. Ni maisha ya dereva wa lori la Tunduma, tofauti ni kwamba dereva wa Tunduma kuna mtu kampa posho.

Anafika, na bahati imeshampangia foleni. Wa kwanza kukimbia anakuta mchanga umesawazishwa na trekta, anayekuja nyuma ya wenzake kadhaa anakuta shimo limechimbika pembeni ya pipa la kwanza, farasi anateleza. Au kapangiwa asubuhi mapema na majukwaa matupu. Kipimo ni kile kile kwa wote.

Sasa sikieni hii ndiyo inayonitia wazimu. Msimamo wa dunia unapangwa kwa dola ulizoshinda. Siyo wastani wa muda, siyo mbio ulizoshinda, ni dola, na hakuna anayekutolea ulizotumia! 15 wa juu ndio wanaenda fainali za Las Vegas Desemba, raundi 10, na huko kweli hela ipo, raundi moja ukishinda ni zaidi ya dola 30,000. Ila kila raundi wanalipwa 6 tu kati ya hao 15. Kufika huko inabidi uzunguke sana, na kuzunguka sana kunataka hela, kwa hiyo mwenye nazo ndiye mwenye nafasi nyingi za kuziongeza. Halafu tunaambiwa ni mchezo wa watu wa kawaida wa shamba. Farasi aliyeiva wa mapipa anauzwa dola 100,000 na kupanda, mtu wa kawaida gani huyo?

Hapo lazima atokee mtu wa kunitajia yule farasi Scamper. Wanamtaja kila mara. Najua, katoka kwenye boma la kunenepesha ng'ombe, kanunuliwa dola 1,100, Charmayne James, binti wa miaka 14, akachukua naye ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo kuanzia 1984, na 1985 hatamu ikamtoka farasi kichwani katikati ya mbio na bado wakashinda raundi ile. Nampenda Scamper, nikiangalia ile video nalia. Lakini ni mmoja, na hadithi yake imeuza treila nyingi kwa watu wasio na uwezo wa kuzilipia.

Wa haki za wanyama nao najua mnanisubiri. Haya, kuna wanaopiga, na kuna wanaomkimbiza farasi anayechechemea kwa sababu ada imeshalipwa. Nimewaona, sina utetezi.

Na wanaume wanaosema mbio zetu ni mapumziko tu kati ya wapanda fahali: wanawake 38 walikaa San Angelo, Texas, mwaka 1948 wakaanzisha chama chao wenyewe cha rodeo, na zawadi sawa na za wanaume kwenye fainali zimepatikana 1998. Miaka 50, mnihesabie.

Ninachotaka siyo kikubwa. Ukimpanga mtu kwenye onyesho la usiku, umeuza tiketi, bia na maegesho kwa jina lake, basi mrudishie hata ada yake ya kuingia hata kama kashika mkia. Kama hiyo ni nyingi, basi waandike kwenye tiketi kwa herufi kubwa kwamba burudani ya leo imelipiwa na huyo dada mwenye farasi.