Mabel Willebrandt na vita ya pombe Marekani: shujaa au kigeugeu?

Watu wakiongelea enzi ile Marekani walipopiga marufuku pombe, 1920 mpaka 1933, ni Al Capone, yule jambazi wa magendo ya pombe Chicago, weee mpaka asubuhi, ila mama aliyetengeneza njia ya kumnasa huyo Capone wala hatajwi. Mabel Walker Willebrandt, wakili wa Los Angeles, 1921 akiwa na miaka 32 tu akateuliwa mwanasheria mkuu msaidizi wa serikali, akabebeshwa kesi za pombe, kodi na magereza. Na masikio yalikuwa mabovu, kila asubuhi lazima apange nywele zifiche vifaa vya kusikilizia.

Kichekesho ni kwamba hiyo sheria mwenyewe hakuwa anaipenda, kabla ya hapo alikuwa anakunywa kidogo kama wengine. Ila kazi ni kazi. Shida ikawa mawakala wa kukamata watu wa magendo hawakuwa chini yake, walikuwa Wizara ya Fedha kwa Andrew Mellon, tajiri aliyewahi kuwa na hisa kwenye whisky, na wengi wao rushwa ilikuwa ndo mshahara wenyewe, sasa hapo unapambanaje? Yeye akaona kuhangaika na wauzaji wa vichochoroni ni kupoteza muda, akafuata mapapa, akasimamia hoja kwamba hata hela ya haramu inatakiwa kulipiwa kodi. Muuza pombe mmoja wa South Carolina, Sullivan, akalia kwamba kujaza fomu ya kodi ni kujishtaki mwenyewe, Mahakama ya Juu ikamgomea 1927. 1931 Capone akala miaka 11 kwa mlango huo huo wa kodi.

Wanaomponda wana hoja pia. 1928 akimpigia kampeni ya urais Herbert Hoover alienda Ohio kuwaambia wachungaji wa Methodist wawahamasishe waumini dhidi ya Al Smith, mpinzani wa Hoover aliyekuwa Mkatoliki, moto wa udini ukawaka. Hapo simtetei hata kidogo, mwendesha mashtaka wa serikali anatafuta nini kwa wachungaji?

Halafu akaacha kazi 1929, akaibuka kuwa wakili wa wakulima wa zabibu California waliokuwa wanauza Vine-Glo, juisi nzito ambayo ukiiacha nyumbani inakuwa mvinyo. Alichekwa sana, kigeugeu huyo! Mimi hili halinisumbui kivile, maana upenyo wa juisi za nyumbani uliwekwa na wabunge kwenye sheria yenyewe, yeye aliukuta tu, na wakili analipwa kwa kujua penyo zilipo.