Vikaragosi vya Kerala: nani anachezewa?

Kwetu ukimwita mwanasiasa karagosi umemtusi: kuna mtu nyuma yake anavuta kamba. Huko Kerala, kusini mwa India, aliye nyuma ya pazia ndiye mwenye heshima. Huitwa pulavar, yaani msomi wa mashairi.

Sanaa yake ni tholpavakoothu, mchezo wa vivuli vya ngozi. Ngozi ya kulungu, siku hizi hata ya mbuzi, hukatwa na kutobolewa vitundu vidogo vidogo ili mwanga upenye na vito vya mhusika vimeremete. Katika viwanja vya mahekalu ya Bhadrakali, mungu wa kike wa Kihindu, kuna banda maalumu la mchezo, na nyuma ya pazia huwashwa taa 21, kila moja kifuu cha nazi chenye mafuta na utambi. Kisa ni Ramayana, utenzi wa Kihindu wa mwanamfalme Rama na adui yake Ravana, kwa beti za Kitamil za mshairi Kamban, na huweza kuchukua usiku 21. Mtazamaji mkuu ni Bhadrakali mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Rama alipomuua Ravana, Bhadrakali alikuwa akipigana na jitu Darika, hivyo uhondo ukampita. Ndiyo maana hata pasipo na mtu uwanjani, mchezo huendelea.

Na mara nyingi watu hawapo. Ramachandra Pulavar, aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 2021, anafuata njia ya baba yake, Krishnankutty, ya kuutoa mchezo nje ya hekalu. Huufupisha ukafaa ukumbini na shuleni, na ameongeza visa vipya, kikiwamo cha maisha ya Gandhi. Wanaomuunga mkono wana hoja nzito: ujira wa hekaluni haulishi familia, na mtoto asiyewahi kuona vivuli hivi hatavitamani ukubwani. Tena bandani wanawake hawakuruhusiwa kucheza, ilhali nje binti wa ukoo huohuo anaongoza kundi la wanawake pekee. Hilo peke yake kwangu linatosha kuutetea mchezo mfupi.

Wanaolalamika, hata hivyo, si wahafidhina tu. Katika mchezo wa usiku kucha, pulavar haimbi ubeti akapita. Huufafanua, akachepuka kwenye sarufi, dawa au nyota, mwenzake akamhoji, wakabishana hadi taa zipungue mafuta. Kwa kazi hiyo mwanafunzi hukariri maelfu ya beti kwa miaka. Onyesho la saa moja halimdai hayo. Linataka kivuli kizuri na sauti ya kuchangamsha. Mwalimu leo anaweza kulifupisha kwa sababu refu analo kichwani. Mwanafunzi wake atafupisha nini?

Kwingine kusini mwa India, katika jimbo la Andhra Pradesh, jibu moja limeshaonekana. Mafundi wa kijiji cha Nimmalakunta wanachora miungu ileile kwenye ngozi, ila nyingi huuzwa kama vifuniko vya taa za sebuleni. Wanapata riziki, na mikono yao bado ni ya ajabu. Rama anawaka vizuri pale juu ya meza, bila mtu wa kumsemea.