Projekta haioni mkono wa mtoto

Jumamosi nilikaa kwenye kikao cha wazazi na walimu, nikasikia pendekezo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama akasema: walimu wa Kiswahili ni haba, basi shule inunue projekta, masomo yarekodiwe mara moja, mikondo yote itazame. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hedimasta akaitikia kwa kichwa.

Uhaba upo, sibishi. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima msingi na sekondari, walimu hatukutosha, na hadi sasa hatutoshi. Nafundisha kidato cha kwanza mikondo minne na sauti yangu huisha Alhamisi. Lakini jamani, mgonjwa akikosa daktari hatumwekei picha ya daktari ukutani.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunasimulia mambo ya nyumbani. Msichana mmoja, Muganda, akasimama akasema, "Baba alikwenda kupiga kula." Watoto waliotoka Busia, mpakani na Kenya, waliozoea kusikia Kiswahili sokoni kila siku, wakaangua kicheko. Yeye hakulia wala hakusema neno. Aliketi, akatandaza kiganja chake juu ya daftari, polepole, akafunika alichoandika.

Mkono ule naujua. Mtoto akifunika daftari hivyo, usipomwahi siku hiyo hatanyoosha kidole tena mwaka mzima.

Nikaacha somo. Nikamwomba aseme neno moja tu la kwao: mirembe. Akalisema, r safi kabisa. Nikamwambia, "Umesikia? R unayo, mwanangu, umezaliwa nayo." Kisha nikaandika ubaoni. Kwa Kiganda r hufuata i na e, kwingineko huja l, ndiyo maana ulimi wake ukifika kwenye "kura" huchagua l bila kumuuliza. Nikawaambia wote watazame mdomo wangu: kwenye l ncha ya ulimi inagota juu na kutulia, kwenye r inagonga na kuondoka. Darasa zima likaanza: kura, kula, mahari, mahali. Waliocheka nikawapa maneno ya Kiganda wayatamke, wakahangaika wao. Kengele ilipolia, msichana yule alikuwa bado anarudia kwa sauti ya chini, na mkono umetoka kwenye daftari.

Rekodi ingefanya nini hapo? Ingeendelea na ngeli ya KI-VI.

Na tusijifanye hatujawahi kujaribu. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili. Masomo yalikuwa redioni, kwenye runinga, kwenye makaratasi yaliyochapishwa, na kwa wenye simu na fedha za data, kwenye WhatsApp. Nilituma rekodi za sauti nyingi sana. Mvulana mmoja alikuwa ananijibu kila mara, "Nimeelewa, mwalimu." Aliporudi darasani nikagundua hakuwa ameelewa hata sentensi ya kwanza. Aliogopa kuniudhi, nami sikuwa na uso wake wa kuutazama. Hilo linaniuma mpaka leo. Wengine hawakurudi kabisa. Walikuwa sokoni, kwenye boda, au wananyonyesha.

Umeme unaokatika siutaji, kila mtu anaujua.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba simu ina kazi yake. Mwanafunzi akitaka kumsikia msimulizi wa Zanzibar au mtangazaji wa Nairobi, mimi siwezi kumletea Zanzibar darasani. Namwekea, tunasikiliza pamoja, nasimamisha, nauliza. Lakini hapo nipo mimi, nawaona.

Jana nimempa hedimasta barua. Nimeomba fedha za projekta zitumike kumlipa mwalimu wa pili, kijana aliyemaliza chuo na yuko tayari. Nimeahidi kumkabidhi mikondo miwili na kukaa naye darasani muhula wa kwanza bila malipo ya ziada. Hedimasta ameiweka mezani, amesema ataisoma. Kesho asubuhi nitapita tena ofisini kwake.