Gurudumu lilisema kabla ya mifupa

Siku hizi ukiuliza lugha za Kihindi-Kiulaya, ukoo wa Kiingereza, Kigiriki, Kisanskriti na nyingi nyingine, zilitoka wapi, utajibiwa kwa neno moja: vinasaba. Mwaka 2015 mifupa ya kale iliyofukuliwa Ujerumani, ya watu wa utamaduni wa Corded Ware, walioishi Ulaya miaka kama 4,500 iliyopita, ilionyesha kuwa karibu 75% ya nasaba yao ni ya Wayamnaya, wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Mwanaakiolojia Marija Gimbutas, aliyezitaja nyika hizo kuwa chimbuko la lugha hizi tangu 1956, akapewa ushindi. Mwanaakiolojia mwenzake Colin Renfrew, ambaye mwaka 1987 alisema lugha hizi zilienezwa na wakulima kutoka Anatolia, yaani Uturuki ya leo, miaka kama 9,000 iliyopita, alikiri kiungwana mwaka 2017 kwamba mama yule aliona mbali.

Sina ugomvi na mifupa, ila mfupa hausemi. Wabaski wa Uhispania wana nasaba ya nyika tele, na lugha yao haina undugu na lugha hizi hata chembe. Ushahidi wenyewe ulikuwa mezani zamani, kwa wanaisimu, na wengi waliuona kama kupiga ramli.

Chukua baiskeli. Kipande cha “-skeli” kilianzia kwenye Kigiriki kyklos, duara au gurudumu. Kisanskriti kina cakra, Kitochari, lugha iliyokufa ya magharibi mwa China, kina kokale, yaani gari, na Kiingereza cha kale kina hweol. Kwa sikio hayafanani, na hapo ndipo penye utamu. Neno la kuazima hufika likinukia kwao, kama gari letu linavyonukia Uhindini. Haya manne yamepitia mageuzi ya sauti ya kila lugha kama maneno ya nyumbani: penye qu ya Kilatini katika quod, Kiingereza cha kale kina hw katika hwæt, na ni hw hiyohiyo ya hweol. Basi neno lilikuwepo kabla ndugu hawajaachana. Na gurudumu lenyewe halina dalili za uhakika kabla ya mwaka 4000 KK hivi. Wakulima wa Renfrew wangekuwa wameshatawanyika miaka 3,000 nyuma.

Wa upande wa Anatolia hujibu kwamba shina lilimaanisha kuzunguka tu, kila lugha ikajiundia neno lake baadaye. Jibu si la kipuuzi. Lakini maneno yote manne yanarudufu shina hilo kwa namna ileile, kama sisi tunavyopata kizunguzungu kutoka zunguka. Lugha nne, mbali na mbali, zirudufu shina moja kwa bahati? Na bado sijataja ekseli: axis kwa Kilatini, akṣa kwa Kisanskriti.

Penye nguvu kwao ni Kihiti, lugha ya kale ya ukoo huuhuu, ya Anatolia yenyewe. Neno lake la gurudumu, hurki, ni la shina jingine, na mifupa ya huko haionyeshi nasaba ya nyika kama ile ya Ulaya. Hapo nakubali: tawi hilo huenda liliondoka kabla ya gurudumu, na chimbuko la mbali kabisa laweza kuwa kusini mwa Kaukazi, kama utafiti wa 2023 ulivyopendekeza. Tatizo ni kwamba utafiti huohuo unasema hata matawi makuu mengine yalikuwa yameshaachana kiasi cha miaka 7,000 iliyopita, wakati hakuna aliyekuwa ameona ekseli. Sasa cakra na kyklos vilizaliwa wapi?