Yai la Mia Tano

Mke wangu ana hakika nina nyumba ndogo. Ushahidi anao wa kutosha: kila Jumapili saa nane mchana navaa raba, nabeba kibegi, nasema "natoka kidogo", halafu narudi magharibi nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Nikimwambia nilikwenda mpirani ananiuliza nani kacheza na nani. Hapo ndipo ninapoharibu, kwa sababu timu nyingine hata mimi naondoka uwanjani sijazijua majina. Ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeshindwa hata kutunga uongo.

Lakini ni kweli. Ugonjwa wangu ni mpira wa mchangani, ule wa mitaani. Kwa Mkapa nimeingia, raha yake naijua, ila pale mnajaa watu 60,000, na mchezaji akivunjika mguu wewe uliye juu unaona sisimizi kalala. Mchangani mfupa unausikia. Unamsikia beki akimuahidi straika mambo atakayomfanyia kipindi cha pili, na straika akijibu kwa kumtaja mama mzazi wa beki. Winga akija na mpira pembeni inabidi uvute miguu yako na soda yako.

Nimekwenda Bandari kule Temeke, nimekwenda Kinesi, nimekwenda na vile viwanja ambavyo ni uwanja Jumapili tu, siku nyingine zote ni maegesho ya malori. Kila ninapofika naandika kwenye daftari: goli lipi lina mteremko, kivuli kiko wapi saa kumi, mti gani unaurudisha mpira ndani. Kuna uwanja mmoja kona ya kulia haipigwi kwa mguu kwa sababu ya nguzo ya umeme. Wenyeji walishakubaliana inarushwa kwa mkono, na refa naye anajua. Hayo televisheni hawakuonyeshi. Huwa nachora na ramani ndogo, na mishale. Hilo daftari tutalirudia.

Jumapili ya tukio nilikuwa Mbagala. Ukiwa Mbagala ukisema mchangani ni mpira wa kihuni utapigwa, na utakuwa umestahili, maana ndiko alikotoka Mbwana Samatta, yule aliyefunga kwa kichwa Wembley tarehe 1 Machi 2020 akiwa na Aston Villa. Kila dogo anayecheza pale peku anaijua tarehe hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Jina la uwanja nalihifadhi. Natamani kurudi, siku wakisahau sura yangu.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la mbuzi, na kombe lenyewe ni mbuzi kweli: beberu mweusi, amevikwa utepe shingoni, kafungwa kwenye mwembe nyuma ya goli ili kila mshambuliaji amwone anachokipigania. Nikasimama hapohapo kwenye mwembe, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Nyavu hakuna. Kati yangu na mgongo wa kipa hapakuwa na kitu zaidi ya kamba ya katani iliyozungushiwa uwanja, na hiyo kamba ilikuwa imelala chini tangu asubuhi.

Njaa ikaniuma. Akapita kijana na trei ya mayai ya kuchemsha, kopo la kachumbari, na chumvi aliyoifunga kwenye vipande vya gazeti. Yai mia tano. Nikachukua mawili, nikampa noti ya elfu tano, akasema anakwenda kutafuta chenji. Akataka kunimenyea, nikakataa. Nilijiona mjanja: uwanja wenyewe vumbi, yai lililomenywa pale ndani ya dakika moja linakuwa kachori. Nikamwambia aniachie na maganda yake. Moja nikatia mfuko wa suruali, moja nikabaki nalo mkononi nikisubiri mapumziko mafupi ya kuumia mtu, ambayo mchangani hayachelewi.

Badala yake ikaja penalti. Bila kwa bila, dakika za jioni, beki wa wageni kamkata mshambuliaji wa wenyeji miguu yote miwili, hata mama wauza mihogo waliona. Refa akahesabu hatua kumi na mbili kutoka mstari wa goli, wageni wakalalamika kwamba hatua zake leo ni fupi, akarudia. Kimya kikaingia. Mpigaji akarudi nyuma, kipa akatanua mikono. Mimi nikainama kidogo nione vizuri.

Beberu naye alikuwa ameliona yai.

Kumbe kamba yake ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Alinijia kwa nyuma, akanipiga pembe kwenye maungio ya goti, kwa adabu tu, kama mtu anayeomba njia. Mguu ukakatika. Mkono ukafunguka. Yai likatoka, likadunda, likaingia golini kwa nyuma likibingirika taratibu, likaenda kusimama kwenye mstari, sentimita chache kutoka kisigino cha kipa. Sekunde hiyohiyo mpigaji akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba, juu ya mwembe, ukaenda kutua kwenye bati la mtu.

Kwa sekunde kama tatu hakuna aliyeniona. Halafu kipa akageuka kushangilia na wenzake, akashusha macho, akaliona yai. Aliruka hivi! Alipotua alikuwa nje ya boksi.

Msomaji, unajua yai likionekana golini ni kitu gani. Hii ni nchi ambayo timu za Ligi Kuu zimewahi kulipa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja, na kila mtu anajua mlangoni waliogopa nini. Kila timu yenye heshima ina kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe hauhusiani na kocha. Wenyeji wamekosa penalti na chini ya goli kuna yai. Hesabu ilikuwa fupi.

"Yule pale! Mwenye begi!"

Nilizungukwa kabla sijasimama vizuri. Kijana mmoja mwenye rasta akanishika kola, lakini kwa vidole viwili, kama anashika kitu cha moto.

"Braza, yai la nini?"

"La kula."

"La kula unaliweka golini?"

Ukilitazama hilo swali, halina jibu zuri. Nikasema ni mbuzi. Wote wakageuka kumtazama beberu, alikuwa anatafuna jani la mwembe, ametulia kama hakimu. Nikasema muulizeni muuza mayai. Tukamtafuta kwa macho: shahidi wangu pekee alikuwa ameshavuka barabara kuu na trei kichwani, na chenji yangu ya elfu nne.

"Mpekueni."

Hapo ndipo kesi ilipoharibika. Kwanza wakapapasa mfuko wa suruali. "Anayo mengine!" Kelele iliyopigwa nafikiri ilisikika Rangi Tatu. Wakafungua begi. Kikatoka kifurushi cha gazeti, ndani unga mweupe. Nikasema chumvi, hakuna aliyetaka kuonja. Kikatoka kitambaa chekundu. Nikasema mimi ni Simba, natumia kufutia jasho. Kikatoka kifuko cha ubani. Ubani! Mke wangu aliniagiza nipitie sokoni nimnunulie wa kufukizia nguo, nikapitia kabla ya mechi ili nisisahau. Mwisho likatoka daftari. Yule wa rasta akalifungua katikati, akakutana na michoro: magoli, mishale, miti yenye misalaba, na maandishi yangu mwenyewe yanayosema, "Goli la mashariki ni zito, mpira hauingii."

Akalifunga polepole. Akanipa shikamoo.

Wakati huo nilikumbuka, sijui kwa nini, habari ya Thomas Nkono, kipa mkubwa wa Kameruni. Mwaka 2002 kule Bamako, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Mali, akiwa kocha wa makipa, polisi walimkamata uwanjani wakimtia pingu, wakidai kadondosha hirizi. Nikawaza: kama Nkono alitiwa pingu mbele ya Afrika nzima, mimi karani wa stoo nitaokolewa na nani?

Na yai lilikuwa bado palepale. Hakuna aliyekubali kuligusa. Wageni walisema si lao, wenyeji walisema si letu, kipa alisema harudi golini mpaka liondoke. Refa akasogea, akalitazama kwa mbali, akarudi hatua tatu. Mpira una sheria 17, na nilimwona kabisa akizipitia kichwani moja baada ya nyingine, akitafuta inayotaja yai.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni muda wote. Akaja akijikongoja na fimbo yake, watu wakampisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yai hili lako?"

"Langu, mzee."

"Limechemshwa?"

"Limechemshwa."

"Basi lile."

Ukawa uamuzi wa mahakama. Nikaenda golini, umati wote umenikodolea macho, wa mbele wakiwasukuma wa nyuma ili wapate nafasi ya kukimbia. Nikaliokota, nikaligonga kwenye mlingoti. Likapasuka jeupe, lililoiva, kuna mama akasema "Mungu mkubwa". Nikamenya. Mikono ilikuwa inatetemeka, likaniponyoka, likaanguka tena mchangani, safari hii bila maganda. Nikamtazama mzee. Mzee akanitazama.

Nililila. Lilikuwa linasaga kama kinu cha mahindi. Chumvi sikuwa nayo, ilikuwa imeshakamatwa kama kielelezo. Nilipomeza, mzee akasema nifungue mdomo, nikafungua, akachungulia, akageuka kumwambia refa: "Ameliondoa. Penalti irudiwe."

Na refa, Mungu amsamehe, akarudia! Wageni wakagoma, wakatoka nje, wakarudishwa kwa kutishiwa kuondolewa mashindanoni. Mpigaji yuleyule. Safari hii akapiga chini kushoto, kipa hata hakuinama. Goli.

Kilichofuata sikukitegemea. Wenyeji walinikumbatia. Walikuwa wameona kwa macho yao: yai lipo, penalti inakosa; mganga analila yai lake mwenyewe, penalti inaingia. Wageni nao walikuwa wameona kitu hichohicho, wakafika kwenye hukumu nyingine kabisa. "Kahongwa! Mganga wetu kahongwa!" Hadi leo sijui walianza lini kuniita mganga wao. Kipa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuokota jiwe.

Nilikimbia kwa namna ambayo ningekuwa na miaka ishirini ningesajiliwa. Begi niliwahi kulinyakua, vielelezo nikaviacha. Nikadandia bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia Rangi Tatu, haraka. Tulipofika nikatoa elfu mbili. Dereva akaurudisha mkono wangu.

"Hapana, mzee. Niombee tu pikipiki isisumbue."

Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni. Akatazama shati lililochanika kola, akatazama magoti, akauliza: "Ubani wangu uko wapi?"

"Umekamatwa."

Nikamsimulia yote, tangu beberu mpaka bodaboda. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema leo kaniamini, kwa sababu anajua kichwa changu, uongo wa namna hii hakiwezi kuutoa. Akacheka mpaka akalala chini. Miaka sita ya kesi ya nyumba ndogo ikafutwa na yai.

Ilikuwa Jumatano, niko kazini, simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mtu mzima, inaongea chinichini.

"Mtaalamu, habari za kazi? Daftari lako tunalo, namba tumeitoa kwenye jalada." Ni kweli niliiandika pale, likipotea nirudishiwe. "Tumelisoma lote. Kumbe viwanja vyote vya Dar unavifanyia kazi."

Nikamwambia ndugu, nisikilize, mimi ni mtazamaji tu.

"Tunaelewa, mambo haya hayasemwi kwenye simu," akasema. "Fainali ni Jumapili saa kumi. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: mayai unakuja nayo mwenyewe, au tununue sisi?"