Picha zilizolowa haziendi juani
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema picha zilizolowa kwenye mafuriko zianikwe juani haraka kabla hazijaoza. Hapana, jua ndilo lililozimaliza za kwetu. Desemba 2011 maji ya mafuriko yalituingilia nyumbani Jangwani, Dar es Salaam, albamu ya harusi ya wazazi ikakaa kwenye tope siku mbili. Tulizoanika juu ya bati zilijikunja kama magamba, rangi ikabanduka. Zilizopona ni zile bibi alizoziacha kwenye beseni la maji baridi safi (alizisahau tu!), zikaachana zenyewe bila kuvutwa, tukazilaza kivulini juu ya kanga, sura zikitazama juu. Ila zilizochapwa kwa printa ya wino usiziloweke, wino unachuja. Kuna anayejua kama studio za zamani za Kariakoo bado zimetunza negativu (zile filamu za kusafishia picha)?