Kiwanda kidogo cha tequila: ziara inaonyesha nini, inaficha nini

Mji wa Tequila, katika jimbo la Jalisco nchini Meksiko, sasa unategemea wageni pia, si pombe yake ya tequila peke yake. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mashamba ya agave, mmea unaotengenezewa tequila, na viwanda vya kale vya eneo hilo katika Urithi wa Dunia, na wageni wanamiminika kutoka jiji la Guadalajara kwa mabasi na treni. Wengi huishia kwenye viwanda vikubwa. Wanaopendelea vidogo wanasema huko ndiko utamaduni ulikobaki, na hela ya mgeni inamfikia mwenye kazi.

Hoja hiyo ina uzito. Kwenye kiwanda kidogo unaona kazi kwa macho: vichwa vya agave, vingine vinavyozidi kilo 50, vinapasuliwa kwa shoka, vinapangwa kwenye tanuri ya matofali na kupikwa kwa mvuke siku nzima au zaidi. Ukipewa kipande kilichoiva unakitafuna kama muwa, unafyonza utamu na kutema makapi. Viwanda vingi vikubwa vimeachana na tanuri, vingine vinakamua sukari kwa mashine kabla hata ya kupika. Mgeni anajifunza pia kusoma chupa: sheria inaruhusu tequila yenye asilimia 51 tu ya sukari ya agave, iliyobaki ikitoka kwingine, mara nyingi kwenye miwa. Akishalijua hilo, anaponunua pale pale mlangoni analipia kazi aliyoishuhudia.

Lakini ziara huanzia kwenye tanuri na kuishia kwenye glasi. Shambani agave hukaa miaka sita au saba kabla ya kuvunwa. Mkulima anapanda bei ikiwa juu, na majirani zake vilevile. Mazao yanapokomaa, soko limefurika. Ndivyo ilivyotokea miaka hii ya karibuni, bei ya kilo ikaporomoka kutoka takriban peso 30 hadi peso chache. Mmea wenyewe hukatwa kabla ya kutoa ua, hivyo popo wanaoishi kwa nekta hukosa chakula. Miche nayo hutokana na machipukizi ya mmea mama, shamba zima likawa la damu moja, na ugonjwa ukiingia hausazi.

Kinachonisumbua zaidi ni maji taka. Kila lita ya tequila huacha lita kama kumi za maji ya moto yenye tindikali, na yakimwagwa mtoni samaki hufa. Hapa watetezi wa viwanda vidogo wanateleza, kwa sababu udogo si usafi. Mwenye mtambo mdogo ndiye mara nyingi asiye na mtaji wa kuyasafisha.

Bado ningemshauri msafiri aende kwenye kiwanda kidogo, kwa sharti moja: aombe kupelekwa nyuma ya jengo, aulize maji yanakwenda wapi na agave ilinunuliwa kwa bei gani. Mwenye kiwanda anayejibu bila kusita anastahili hela yake. Kwamba mabaki yanaweza kuwa mali si ndoto: kule Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge, ambao ni ndugu wa agave hiyo na asili yake ni Meksiko, yameshazalisha gesi na umeme.